Wiki 33: kisa cha mtoto njiti wa Tandahimba na hesabu iliyomkana

Ugomvi huu, wa nani ni baba wa mtoto, ulianzia kwenye picha ya karatasi. Ni fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini, iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp kwa dereva wa lori aliyekuwa kwao Tunduru. Nesi alikuwa ameandika maneno machache: mtoto wa kiume, njiti, wiki 33, uzito kilo 1.9. Dereva akaichukua ile 33, akaigawa kwa 4, akapata miezi 8 na wiki moja. Akarudi nyuma kutoka siku ya kuzaliwa, 12 Juni 2023, akaangukia 5 Oktoba 2022. Yeye Tandahimba alifika 5 Novemba. Akamjibu mama wa mtoto kwa mstari mmoja: "Mimba nilikukuta nayo, mtafute mwenyewe."

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kwa hiyo nililetewa suala hili kama suala la matunzo. Halikuwa la matunzo peke yake. Tarehe na kazi za watu nimezisogeza ili wasitambulike, ila nimezisogeza zote kwa pamoja, hivyo hesabu imebaki vilevile.

Mama ni mama lishe. Msimu wa korosho unapofunguka, Oktoba hivi, anahamishia jiko lake karibu na ghala la chama cha msingi, maana malori yanapanga foleni pale na madereva hawapiki. Dereva alikuja kubeba mzigo wa mnada kwenda bandarini Mtwara. Anakiri mwenyewe kwamba wiki aliyofika ndiyo wiki waliyoanza uhusiano. Hapakuwa na ndoa, kulikuwa na ahadi ya posa. Aliondoka Januari msimu ulipokwisha, akaendelea kupiga simu na kutuma pesa.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Kituo cha afya kilimpeleka hospitali, na mama alikaa naye kifuani wiki kadhaa, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu unaoitwa kangaruu. Barabarani lami ilikuwa bado inaishia Mnivata, na kila ndugu aliyekwenda kumwona alirudi na vumbi la nusu siku. Gharama zilikuwa nauli na chakula cha mama. Fomu ilitumwa kwa dereva ili achangie hizo tu.

Tuitazame hesabu yake, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Wengi wangehesabu hivyo hivyo. Ina makosa mawili, na kila moja lina idadi yake ya siku.

La kwanza ni mwezi wa wiki 4. Mwezi wa siku 28 ni Februari tu. Wiki 33 na siku 2, ndivyo kadi ya kliniki ya mama ilivyosomeka kamili, ni siku 233. Ukirudi siku 233 kutoka 12 Juni unafika 22 Oktoba, si 5 Oktoba. Siku 17 zimekwisha ondoka kwenye shutuma bila mtu yeyote kutetewa.

La pili ndilo zito. Kliniki haianzi kuhesabu siku mimba ilipotunga. Huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mama anaweza kuitaja. Ya kutunga haionekani. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, yai hupevuka karibu na siku ya 14. Maana yake kila mimba unayoiona kwenye kadi ina wiki 2 za mwanzo ambazo ndani yake hakuna mimba. Mwanamke akiambiwa ana ujauzito wa wiki 4, kiumbe chenyewe kina wiki 2 hivi. Ile 22 Oktoba kwenye kadi ilikuwa siku ya hedhi. Ongeza siku 14, unafika 5 Novemba.

Siku 17 na siku 14 ni siku 31, yaani ule mwezi mzima aliodai. Nilimwandikia hesabu hii kwenye karatasi mbele ya afisa ustawi wa jamii, akaitazama muda mrefu, akasema, "Sasa kwa nini hawaandiki hivyo kwenye fomu?" Sikuwa na la kumtetea aliyeandika. Neno "wiki 33" kwa nesi mwenzake linajitosheleza. Kwa baba aliye mbali ni hesabu nyingine kabisa, na fomu hiyo anakabidhiwa mzazi, si nesi.

Dereva hakukubali siku hiyo. Alikuwa na hoja ya akiba, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza: kadi imeandikwa kwa kinywa cha mama. Akitaka kumficha mwanamume wa kwanza, si angetaja tarehe inayomfaa? Ni kweli kwamba kulikuwa na mwanamume wa kwanza. Alivuka kwenda Msumbiji wiki ya kwanza ya Septemba 2022 na hakurudi.

Hapo ndipo karatasi nyingine mbili zilipofaa. Kadi ya kliniki ya wajawazito inaonyesha hudhurio la kwanza ni 18 Januari 2023, mimba ikiwa na wiki 12 na siku 4. Januari hiyo dereva alikuwa bado anatuma pesa, ugomvi haujazaliwa. Mtu hutengeneza tarehe akiwa na sababu ya kuitengeneza, na mama huyu alikuwa hana. Tarehe ya matazamio iliyoandikwa siku hiyo ni 29 Julai 2023, ambayo ni siku 280 kamili tangu 22 Oktoba. Kwa hiyo mtoto alitangulia siku 47.

Karatasi ya pili ni ya uchunguzi wa mtoto mchanga, na nashangaa kwa nini watu hawaiulizii. Kilo 1.9 peke yake haithibitishi unjiti. Mtoto chini ya kilo 2.5 anaitwa wa uzito pungufu, na kuna njia mbili za kufika huko: kuzaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, ambaye ndiye njiti, au kukaa tumboni muda wote lakini bila kukua vizuri. Mizani haiwatofautishi. Mwili unawatofautisha. Mtoto huyu alikuwa na malaika, yaani vinywele laini vya mwilini, mgongoni na mabegani, ngozi nyembamba yenye kuonyesha mishipa, masikio laini ambayo ukiyakunja hayarudi upesi, na nyayo zenye mikunjo michache ya mbele tu. Hakuweza kunyonya akameza akapumua kwa mpangilio, uwezo ambao kwa kawaida hukamilika kuanzia wiki ya 34; alinyweshwa maziwa ya mama yake kwa kikombe.

Sasa chukulia mimba ilikuwa ya yule aliyevuka kwenda Msumbiji. Kutoka 7 Septemba mpaka 12 Juni ni siku 278. Ongeza 14 za hedhi, zinakuwa 292, yaani wiki 41 na siku 5. Mtoto wa karibu wiki 42 huzaliwa malaika zimepukutika, ngozi imekauka hata inabambuka, kucha ndefu, nyayo zimejaa mikunjo. Uchunguzi wa aina hii huweza kukosea hata wiki 2. Hapa tunazungumzia tofauti ya wiki 8. Kwa maoni yangu hoja ya mwanamume wa kwanza ilikufa kwenye karatasi ya nyayo, kabla mahakama haijatajwa.

Kabla ya kwenda huko wilayani kulikuwa na kikao cha nyumbani, na hicho nacho kina mambo yake. Mjomba wa mama ndiye aliyekaa mbele, kama ilivyo kwa Wamakonde, ambao ukoo wao wa asili hufuata upande wa mama. Yeye hakuona sababu ya kumfuata mtu Tunduru. "Mtoto ni wetu," alisema. "Tangu lini tukaomba ruhusa ya kuwa na mtoto?" Kwa mila yake yuko sahihi, na msimamo huo umewalinda watoto wengi wa kusini wasiitwe majina mabaya. Lakini ukoo hauondoi matunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu juu ya wazazi, na haiulizi mtoto anahesabiwa ukoo wa nani. Nilimweleza mzee hivi: kudai matunzo si kumtoa mtoto. Alinyamaza, kisha akauliza kama yeye anaweza kufungua shauri badala ya mpwa wake. Anaweza kwa idhini ya mahakama kama mtu mwenye maslahi; ila mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi na afisa ustawi wa jamii wametajwa moja kwa moja katika kifungu cha 34, kinachohusu maombi ya kutambua uzazi. Tuliona mama aende mwenyewe.

Mwalimu wa madrasa naye alikuwepo. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya kejeli kama mtoto wa miezi saba anaweza kuwa halali ya mtu. Mwalimu akajibu kwa aya mbili: kubeba na kuachisha ni miezi thelathini, kunyonyesha kamili ni miaka miwili, ukitoa, inabaki miezi 6, nayo ndiyo muda mdogo kabisa wa mimba waliouchukua wanazuoni. Tangu 5 Novemba mpaka 12 Juni ni siku 219, miezi 7 ya mwandamo na siku 12 hivi. Akaongeza, na hili nilimheshimu kwalo, kwamba kanuni hiyo imewekwa kwa walio kwenye ndoa. Hapa yeye anajibu swali la muda tu, la nasaba haligusi.

Sheria ya ushahidi ya nchi nayo ina hesabu yake kwa wanandoa: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 tangu ivunjike na mama hajaolewa tena, huhesabiwa wa mume, mpaka ithibitike hawakuwa na nafasi ya kukutana. Ni zile zile 280 za kliniki, ila hapa zinaanzia siku ndoa ilipovunjika. Kwa kisa chetu hazikufaa kitu, hapakuwa na ndoa.

Kilichofaa ni kifungu cha 35 cha Sheria ya Mtoto. Mahakama ikitafuta uzazi hutazama jina lililoandikwa kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kukiri kwake mbele ya watu, na matokeo ya vinasaba. Jina kwenye daftari hapakuwa nalo. Mama alikuwa hajachukua cheti kabisa, akiamini hapewi bila baba. Si kweli. Usajili ni haki ya mtoto na wajibu wa mzazi aliyepo, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano hufanyika kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Alikwenda, akapewa, nafasi ya baba ikiwa wazi.

Akika ndiyo iliyozungumza. Tarehe 17 Juni 2023 dereva alituma pesa kwa simu, na ujumbe juu yake: "Mchinjieni mwanangu mbuzi, mpeni jina la babu yangu." Mbuzi alichinjwa siku ya saba, jirani wakala, jina likatangazwa. Mama alikuwa wodini na hakula hata kipande, lakini ujumbe aliuhifadhi. Ukimuuliza mtu wa mtaani, atakwambia pesa za mbuzi ni ukarimu. Kwangu mimi, baba anayechagua jina na kulipia akika mbele ya mtaa mzima amefanya sherehe na amekiri, yote mawili kwa wakati mmoja.

Afisa ustawi hakutaka kuishia hapo, wala dereva. Dereva ndiye aliyesema, "Nipimwe, nikiwa baba nitalea." Ni haki yake. Ila kipimo cha vinasaba, hicho watu wanachokiita DNA, hakiendwi kama kipimo cha malaria. Sheria ya vinasaba vya binadamu, nayo ya 2009, inataka ombi lipitie kwa wenye mamlaka ya kuomba, mahakama na maafisa ustawi wakiwemo, na kazi hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara. Shauri lilifunguliwa Januari 2024 kwenye Mahakama ya Watoto wilayani, hakimu akaagiza kipimo chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Mtoto, sampuli za mama, mtoto na dereva zikachukuliwa Machi.

Machi hiyo hiyo mtoto alitimiza miezi 9, na hapo kisa kikageuka upande ambao sikuutegemea.

Alikuwa hakai. Ukimweka anainama mbele, anashika chini kwa mikono. Shangazi wa dereva, aliyefuatana naye kuja kupimwa, alimtazama akasema mbele za watu kwamba mtoto amebemendwa. Neno hili halina haja ya kufafanuliwa kwa mtu wa pwani: inaaminika mtoto anayenyonya hudhoofika na kuchelewa pale mzazi anapotoka nje. Kwa neno moja shangazi alikuwa ametaja ugonjwa na kumtia mama hatiani, na kwa kuwa shauri lilikuwa la uzazi, alikuwa ametoa ushahidi pia. Jirani mwingine akasema ni mtindio wa ubongo. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama alikuwa ameruka mahudhurio mawili ya kliniki kwa kuogopa maneno ya namna hii kwenye foleni ya mizani.

Hapa ile hesabu iliyotaka kumnyima baba ndiyo iliyomtetea. Mtoto njiti anapopimwa maendeleo yake, umri wake hurekebishwa: unatoa siku alizotangulia. Ukitoa siku 47, mtoto wa miezi 9 anakuwa wa miezi 7 na wiki 2 kasoro. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wenye afya hukaa bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Hata kwa umri wake halisi alikuwa hajatoka nje ya mpaka. Kwa umri uliorekebishwa hakuwa hata karibu nao. Urekebishaji huo huendelea mpaka miaka 2.

Lakini sikutaka mtu yeyote atulizwe kwa hesabu peke yake. Unjiti wenyewe unaongeza uwezekano wa mtindio wa ubongo, na kuna dalili ambazo umri wowote uliorekebishwa hauzifuti: miguu kukakamaa na kukingamana, ngumi zisizofunguka, kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au kupoteza jambo alilokwisha liweza. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpima viungo, akamwangusha mbele taratibu kuona kama anatoa mikono, akamwita kila upande kuona kama anageuka. Hakuona kukakamaa. Alimfundisha mama namna ya kumlaza kifudifudi na kumchezesha akiwa amekaa, akampangia kurudi.

Mama akatoka pale amelishika somo hata kupita kiasi. Wiki iliyofuata aliniuliza kama chanjo ya surua na rubela aisogeze mpaka Mei, ndipo mtoto atakuwa na miezi 9 "ya kweli". Hapana. Chanjo hufuata siku ya kuzaliwa, njiti na asiye njiti sawa. Akisogeza anamwacha wazi na ugonjwa. Sheria nayo haina umri uliorekebishwa. Miaka 18 inayomaliza utoto itahesabiwa kutoka 12 Juni 2023.

Matokeo yalikuja Mei, nayo hayakumtoa dereva kwenye ubaba. Mwezi uliofuata hakimu alitamka uzazi na kupanga matunzo. Kwenye kiwango mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea anayedaiwa, na gharama za maisha za mahali. Dereva ana watoto wawili Tunduru, na nje ya msimu lori husimama. Aliamriwa shilingi 70,000 kwa mwezi na nusu ya nauli za kliniki. Mama aliona ni ndogo. Mimi niliona ni kiasi kinacholipika, na bora hicho kuliko amri kubwa ya kuning'inizwa ukutani. Mpaka sasa amekosa miezi miwili, Machi na Aprili, akalipa kwa mkupuo Mei.

Mtoto alikaa mwenyewe akiwa na miezi 10, akatembea akiwa na 16. Shangazi aliyesema amebemendwa alituma viatu.

Kimebaki cheti. Tamko la mahakama linampa mama msingi wa kuomba jina la baba liingizwe kwenye daftari, lakini hajaenda. Mjomba hataki jina la watu wa Tunduru litangulie, dereva anataka la babu yake lisomeke mwisho, na mama anasema ofisi itamla siku nzima naye jikoni yuko peke yake. Nimemwambia amalize suala hili baba akiwa hai na simu yake inapatikana, kwa kuwa maombi ya kutambua uzazi baada ya mzazi kufariki yana ukomo wa miaka 3, na ingawa yeye tayari ana hukumu, ndugu wa marehemu wakigawana mali hutaka kuona cheti kwanza. Amesema ataenda Jumatatu.